Gari Lilipimwa Likiwa Tupu

Mbinga, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Truda,

Nakuandikia ukiwa bado parokiani unawaaga wanakwaya wenzako. Nakujua kuaga kwenu: mtaimba, mtakula, mtaimba tena, na mimi nitakuwa nimemaliza karatasi zangu. Nitaiweka barua hii juu ya usukani, maana ndipo mahali pekee ninapokuwa na hakika utapaangalia kabla ya kulala. Siku hizi jioni yako haiishi bila kwenda kulitazama gari.

Mambo ya kufunga mlango, kula kwa wakati, kwenda kanisani na kuchagua marafiki sikuandikii. Baba yako amejiandaa kuyasema kesho asubuhi, na atayasema mara mbili, mara ya pili akiwa amevua kofia. Mimi nitakuandikia habari za matairi. Ndiyo kazi ninayoijua, na ndiyo iliyotufanya tusisemezane vizuri wiki hii.

Nianze kwa kukusifu, usije ukadhani nimekuja na fimbo. Gari lako ulilinunua likiwa tayari limeshushwa, na aliyelishusha alitumia akili. Aliweka springi fupi zenye shokapu zake, hakukata springi kwa msumeno kama wanavyofanya vijana wa stendi. Wewe ukataka na rimu kubwa. Gari lilitoka kiwandani na tairi la 195/65 rimu 15, wewe ukataka rimu 18. Ukakaa na simu yako, ukazidisha, ukagawanya, ukapata 225/40. Uliponionyesha hesabu ile nilitafuta kosa ndani yake kwa bidii ambayo mama hapaswi kuwa nayo, na sikuliona.

Nilikufundisha haya ukiwa shule ya msingi, umekaa juu ya tairi la lori unakula muhogo. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, na kimo hicho ni asilimia ya ule upana. Ya tatu ni rimu yenyewe kwa inchi. Rimu ikikua, ubavu lazima upungue, ili gurudumu zima libaki na kimo chake cha zamani na spidomita isiseme uongo. Gurudumu lako jipya limelizidi la kiwandani kwa milimita chache tu, hata mimi nisingepata la karibu zaidi. Nilijisikia vizuri. Nilikwenda kumwambia baba yako, naye akauliza kama namba hizo zitasaidia kahawa kukauka.

Lakini hukuniachia nifunge mimi. Ulifungiwa Songea ili uje kunishangaza, na kweli nilishangaa. Rimu zako zinakaa nje kuliko zile za zamani, na tairi lenyewe ni pana zaidi. Gari likisimama tupu, kati ya bega la tairi na ukingo wa madigadi vinapita vidole viwili. Linapendeza, sibishi. Baba yako, mtu ambaye kwake gari zuri ni lile linalofanana na trekta, alilizunguka mara mbili.

Halafu ikaja ile Jumapili uliyotupeleka kijijini Mpepai. Tulikuwa watu wazima watatu nyuma, na baba yako mbele na mapaja yake marefu. Kwenye zile kona za kushuka kuelekea mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya mteremkoni, nilisikia mpira unasagwa. Wewe nawe ulisikia, kwa sababu uliongeza sauti ya redio. Tulipofika niliinama kujifanya nafunga kiatu, nikaona mstari unaong'aa begani mwa tairi la nyuma. Kesho yake mstari haukuwepo. Ulikuwa umeupaka ile dawa nyeusi ya kung'arishia matairi, tena kutoka kwenye kopo la dukani kwangu.

Nilijiambia mtoto huyu ni mpima ardhi, amepewa kazi Dodoma kwa sababu ya vipimo, atapima mwenyewe na kuamua. Na kweli uliamua. Alhamisi alikuja shangazi yako Winfrida kutoka Mpepai, ametembea na kiroba cha maharage kichwani mpaka barabara kubwa, akapanda bodaboda mpaka kwetu. Ulimwamkia vizuri, shikamoo ilikuwa nzuri na magoti yalikunjwa. Kisha ukamwambia, "Shangazi, asante, ila gari langu halibebi mzigo."

Akakuuliza kwa upole kama halibebi hata kiroba kimoja. Ukamwambia hata kimoja, maana ukianza na chake utalazimika kupokea vya wote. Hapo ulisema kweli tupu. Akacheka kidogo, akasema mkono mtupu haulambwi, akanywa chai yake. Maharage alirudi nayo. Sikuyaona usoni mwake maumivu, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Winfrida akiumia kidogo hupiga kelele.

Unajua kwetu huku mtu anayeondoka hupakiwa. Mimi niliolewa kutoka ziwani, nikakuta Wamatengo wana ubishi wa kila namna na watu wa kwetu, lakini kwa hili tulikuwa kitu kimoja. Kule Mbaha mtu akiondoka anapakiwa dagaa wa usipa na unga wa muhogo. Huku juu anapakiwa maharage, mahindi, ndizi, kahawa iliyokaangwa kwenye chungu. Hakuna anayekuuliza kama unavihitaji. Anayeondoka bila kitu ni yule aliyefukuzwa, na majirani wakimwona anapita hivyo wanaingia ndani ili asione aibu. Tangu Alhamisi habari zimeenea Mpepai nzima kwamba Truda habebi. Kesho asubuhi hakuna atakayekuja na kitu. Kwa jinsi ninavyowajua, wengine hawatakuja kabisa, kwa kuwa hawajui kuaga mtu mikono ikiwa imening'inia.

Sasa nikwambie kwa nini sina ujasiri wa kukukaripia. Kosa hili ni langu kabla ya kuwa lako.

Ulipokuwa mchanga sana, baba yako mdogo Otmar alikuwa na gari dogo la kwanza katika ukoo, na alilipenda kuliko alivyompenda mtu yeyote wakati ule. Naye alilishusha. Mimi nilikuwa mgeni katika kazi, nauza matairi ya mitumba chini ya turubai, natafuta jina. Akaniletea rimu pana alizopewa na rafiki yake, akataka tairi la kujaza madigadi. Nilimchagulia. Nililipima gari pale uwanjani likiwa tupu, nikapitisha vidole, vikapita. Nikamwambia neno ambalo sisi mafundi tunalipenda kuliko sala: "Litakaa."

Na lilikaa. Akaringa nalo mjini wiki nzima. Kisha tukampanga akamchukue bibi yako, mama yangu, kutoka Mbaha, aje kwenye ubatizo wako. Enzi zile barabara ya kupanda kutoka ziwani haikuwa na lami, na kona zake zilikuwa za kumfanya mtu akumbuke dhambi. Otmar alishuka vizuri akiwa peke yake. Alipofika, bibi yako alikuwa amejiandaa kama mtu wa kwao. Kulikuwa na usipa, kulikuwa na unga wa muhogo, kulikuwa na mikeka aliyoisuka mwenyewe kwa ajili yako, na mjomba wangu akasema naye anakuja, na mke wake pia.

Katikati ya mlima tairi likaanza kusaga. Otmar alisimama, akatazama, akaona moshi wa mpira. Akamwendea bibi yako kwa heshima, akamwambia, "Mama, naomba tupunguze mzigo. Tuuache hapa kwa watu, nitaurudia kesho." Mjomba na mkewe wakashuka wakasema watasubiri lori. Bado likawa linasaga. Akamwomba na mikeka ishuke, na unga. Bibi yako akashuka yeye mwenyewe, akakaa juu ya gunia lake pembeni ya barabara.

"Kama mzigo wangu hauendi, na mimi siendi," akasema. "Nenda, mwanangu. Uwasalimie."

Otmar alifika Mbinga peke yake na gari safi. Ulibatizwa bila bibi yako. Na kwa kuwa yeye alikuwa Mwanglikana na ubatizo ulikuwa wa Kikatoliki, watu wa ukoo wa baba yako walikwisha kupata maelezo kabla Otmar hajazima injini. Ilisemwa kwamba yule mama wa ziwani amekataa maji ya padri. Ilisemwa kwa muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe alipokuja kwenye sherehe nyingine, akasimama na sahani yake mkononi, akawaambia kwamba hakukataa maji ya Wakatoliki, alikataa kuuacha muhogo wake porini. Walicheka wote. Mimi sikucheka sana. Tairi lilikuwa langu.

Niliteremka Mbaha kumwomba radhi. Nilimkuta anaanika usipa, na hakusimama kwa ajili yangu. Nikamweleza habari za rimu na upana na ukingo wa madigadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na subira ya watu wanaogeuza samaki mmoja mmoja. Kisha akauliza, "Ulipolipima hilo gari, lilikuwa na nani ndani?"

Nikamwambia halikuwa na mtu, lilikuwa tupu.

"Na nani amewahi kutoka kwangu mtupu?"

Nikamsaidia kuanika. Ndiyo elimu yote niliyonayo kuhusu magari yaliyoshushwa, na niliipata kwa mtu ambaye hakujua hata kutofautisha jeki na spana, wala hakutaka kujua. Fundi wa mjini hupima gari kwa mwenye gari. Huku kwetu gari hupimwa kwa watu wa mwenye gari. Tangu siku ile sipimi gari tupu. Nawapandisha vijana wangu wote, nawaomba na wateja wanaosubiri wapande, gari likishalala chini nainama na tochi, namwambia dereva akate usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Pale stendi wanasema Mama Truda anapima matairi kwa nyama za watu. Waache waseme, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Neno "litakaa" nalo niliacha kulitumia. Tairi karibu lolote litakaa. Nimeona vijana wanavalisha rimu pana tairi jembamba, wanalivuta kwa upepo mpaka ubavu umelala kama paa la nyumba, na linakaa. Linakaa mpaka shimo la kwanza, halafu mdomo wa tairi unaachia rimu na upepo wote unatoka. Siku hizi mteja akiniuliza kama litakaa, namuuliza anakwenda wapi na atakuwa na nani. Wengine hukasirika, wanadhani nataka kujua habari za nyumba zao.

Sikukuuliza wewe. Ulikuja umefurahi, nikaona haya kuharibu furaha yako, halafu nikanuna kwa sababu hukuniachia nifunge. Hayo mawili yakachanganyika, nikakosa kusema neno la fundi na neno la mama, yote mawili. Nilikasirika, kisha nikajiona mjinga, na jioni hii nina huzuni, ingawa si ya kulia. Nakwambia ili usidhani ukimya wangu wa wiki hii ulikuwa na hekima ndani yake.

Sasa gari lenyewe. Unaweza kuliacha lilivyo. Litakupeleka Dodoma ukiwa peke yako na begi lako, bila shida, hasa ukipunguza mwendo kwenye matuta. Ukienda hivyo, ni sharti uendelee kuwaambia watu kwamba halibebi, na utaona kwamba kila mara neno hilo linakuwa jepesi zaidi mdomoni.

Unaweza pia kubaki na rimu zako hizo na kuzivalisha 215/40. Tairi litakuwa jembamba kidogo na fupi kidogo, nami nitakunja ule mdomo wa ndani wa madigadi kwa taratibu, nikiupasha moto rangi isipasuke. Utapata nafasi. Lakini tairi la namna hiyo ni jepesi, kwa hiyo lazima uchague lililoimarishwa, ukisoma namba ya uzito pale ubavuni, isiwe chini ya ile ya matairi ya kiwandani. Kijana wa duka atakwambia namba hiyo haina maana. Usibishane naye, toka tu.

La tatu ni hili. Nina rimu 17 hapa dukani, zimepakwa rangi ya fedha, zinazokaa ndani zaidi ya zako. Nimezivalisha 205/50. Kimo ni kilekile cha gurudumu lako la sasa, kwa hiyo spidomita haitaona tofauti na gari halitapanda hata kidogo, litabaki limeshuka kama unavyolipenda. Ubavu unaongezeka kiasi cha kustahimili shimo, na bega linarudi ndani, mbali na madigadi. Nimeshafanya balansi. Magurudumu haya hayatapendeza kama yako, sikudanganyi. Ukilitazama gari kwa nyuma utaona tairi limeingia ndani na kuacha pengo la kidole ambalo halikuwepo, na najua pengo hilo litakukera kila utakapofunga mlango na kugeuka nyuma kulitazama.

Nilikuwa nimeamua niyafunge jioni hii ukiwa kwaya, bila kukuuliza. Nilishatoa jeki. Baba yako akaniona, akasema ni gari la mtoto, akarudi kwenye kahawa yake. Nikairudisha jeki. Alikuwa sawa, na nimemwambia hivyo, jambo ambalo atalitumia mwaka mzima.

Kwa hiyo chagua wewe. Ukichagua la pili au la tatu, nigongee dirisha alfajiri, tutainua gari pamoja, na baada ya hapo nitampigia Winfrida simu. Sitamweleza mambo ya rimu. Nitamwambia tu kwamba Truda anambebea maharage, yeye mwenyewe atajua la kuwaambia wengine, na kufika saa tatu uwanja huu utakuwa umejaa watu na viroba mpaka utatamani ungekataa.

Limebaki jambo moja, na ndilo nililokuwa nalizunguka kurasa zote hizi. Siku ile ulipomwambia shangazi yako gari halibebi, sikumfikiria yeye. Nilijifikiria mimi. Niliona siku fulani mbele, miguu yangu imekataa, macho hayasomi tena ubavu wa tairi, na wewe umekuja kunichukua ukiwa na gari zuri kuliko hili. Nilijiona nimesimama pale mlangoni na mkeka wangu na vikorokoro vyangu, nakusubiri uyatazame magurudumu kwanza kabla hujanitazama mimi. Niliogopa, mwanangu. Sijaogopa hivyo tangu baba yako alipougua.

Kwa hiyo kesho, tairi lolote utakalokuwa umelichagua, nitapanda kiti cha nyuma kabla hujaondoka. Baba yako atakaa kushoto kwangu. Utatuzungusha hadi sokoni na kurudi, ukikata kona zote kwa kasi yako ya kawaida, redio ikiwa imezimwa. Likigusa, usiniambie nishuke.

Mama yako